Mgawie Kijana Kabla Hajapanda Basi

Pale Minjila, barabara ya Hola inapokutana na ile ya Lamu, mabasi ya Malindi na Mombasa hayakosi abiria vijana. Baada ya mtihani wa kidato cha nne huzidi. Mmoja anamfuata binamu yake Mtwapa aliyemwambia kuna kazi ya ulinzi, mwingine ana nambari ya wakala wa kazi za Saudia, wa tatu hana ahadi ya mtu yeyote ila amechoka kukaa. Nyumbani anabaki mzee akisema vijana wa sasa ni wavivu, simu imewaharibu, hawataki udongo uwaguse.

Ninaandika kwa ajili ya mzee huyo na mama wa kijana huyo, na kwa kijana mwenyewe kama bado hajapanda basi, au amepanda na anasoma haya akiwa Mombasa au Doha. Nina neno moja la kuwaambia, na mengine yote yanatoka humo: kijana hakimbii udongo, anakimbia kulima asichomiliki.

Kwanza tuweke hesabu sawa. Tunapenda kusema vijiji vinakwisha watu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 240,075 katika Tana River, kaunti yetu. Ya 2019 ikahesabu 315,943. Tumeongezeka. Tulichofanya ni kuhamia barabarani. Garsen, Minjila, Tarasaa na Gamba kumejaa vibanda, pikipiki na nyumba za mabati, huku mashamba ya ukingoni mwa mto Tana yakiachiwa akina mama na wazee. Shuka mtoni saa moja asubuhi, Wema au Hewani, uhesabu wanaume wa chini ya miaka 30 wenye jembe mkononi. Kwa wafugaji nako ni vivyo hivyo: ng'ombe wanachungwa na mtu wa mshahara au na mtoto aliyeacha shule, na mwana wa mwenye mali yuko mjini. Jambo hili linabadilisha ushauri wenyewe. Watu wangekuwa wamekwisha, tungetafuta namna ya kuwarudisha. Lakini wako, kilomita chache tu kutoka shamba la baba, wamekaa juu ya pikipiki wakingoja abiria. Cha kutafuta ni kinachowazuia wasishuke mtoni, na sehemu yake tumeitengeneza wenyewe.

Mzee anapomkaripia kijana humlinganisha na yeye mwenyewe alipokuwa na miaka 20. Si haki. Mto wa wakati ule si huu. Babu zetu walilima kwa mafuriko. Tana ilifura mara mbili kwa mwaka, kati ya Aprili na Juni, kisha Novemba na Desemba. Maji yakapanda mashambani, yakaacha tope jeusi, na mtu akapanda mpunga na mahindi akiyafuata maji yanavyorudi. Ziwa Shakababo na maziwa mengine ya delta yalijazwa na maji hayo hayo, na samaki wakazaliana humo. Halafu huko juu yakajengwa mabwawa ya umeme: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Taa zikawaka Nairobi. Kwetu mafuriko ya kawaida yakapungua nguvu na kupoteza ratiba, na siku hizi mabwawa yakifurika, maji huja kwa kishindo. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, mto ulisomba hata kilichokuwa karibu kuvunwa. Na kabla ya hapo misimu mitano ya mvua mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, ilikuwa imekwenda kapa.

Kule Ozi, karibu na mdomo wa mto, mambo ni mabaya zaidi. Zamani bahari ikijaa iliyasukuma maji baridi ya mto yakapanda majaruba ya mpunga, mkulima akamwagiliwa bila kulipa senti. Sasa mto ukiwa mnyonge, kinachopanda ni chumvi, na miembe inakauka ikiwa imesimama. Kijana wa Ozi ukimwambia tu "rudi shambani", ana haki ya kukuuliza: lipi?

Tena kijana wetu hakuzaliwa katika nyumba isiyo na kumbukumbu. Mradi wa umwagiliaji wa Hola ulianza 1953, enzi za mkoloni. Mwaka 1989 mto ukahama njia yake na mradi ukakauka. Bura, iliyoanza kupokea familia mapema miaka ya 1980 kwa fedha za Benki ya Dunia, ikakwama mwisho wa muongo huo huo, pampu zikishindwa kuleta maji na wakulima wakiwa hawana hata hati ya kipande walichokilima. Mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, huku delta, uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, ulivunjwa na El Nino ya 1997 na 1998. Hebu fikiria mzazi aliyeshuhudia mawili kati ya hayo. Mtoto wake atamwambia nini, kama si "soma, mwanangu, uondoke"? Tukawafundisha kuondoka kwa miaka 30, na leo tunashangaa wamefaulu somo hilo.

Liko pia jambo la jembe kama adhabu. Machi 3, 1959, wafungwa 11 wa Mau Mau waliuawa kwa kupigwa pale Hola, wakilazimishwa kufanya kazi kwenye mradi ule ule wa umwagiliaji. Ardhi hii inajua maana ya kulimishwa kwa nguvu. Hata hivyo tulipopata shule zetu wenyewe, mtoto aliyechelewa au aliyepiga kelele darasani tulimpeleka wapi? Kwenye shamba la shule, akang'oe magugu juani mpaka kengele ilie. Mtoto akajifunza, bila kuambiwa na mtu, kwamba kulima ni kazi ya aliyekosea na kalamu ni ya aliyefanya vyema. Mwalimu anayesoma haya anaweza kuikomesha desturi hiyo Jumatatu ijayo bila kungoja waraka wa wizara. Aweke shamba dogo la wanafunzi ambalo mavuno yake wanayala wao, au wanayauza na kuamua wao fedha zitumikeje. Vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianzishwa 1962 na vikazinduliwa upya 2021; mlango upo wazi. Ila klabu ambayo sukumawiki yake huishia jikoni kwa mwalimu ni afadhali isiwepo.

Sasa tuje nyumbani, ambako ndiko penye uzito.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watoto wetu tumewafanya wageni wa aina hiyo: jembe tumewapa, shamba hatukuwapa. Kijana wa miaka 22 analima kwa baba, anavuna kwa baba, dalali anakuja na lori anazungumza na baba, fedha zinaingia kwenye simu ya baba, na kijana akitaka shilingi 500 anaomba mbele ya wadogo zake. Boda humlipa kidogo, na huenda ikamvunja mguu, lakini kila jioni fedha ni zake. Ungekuwa wewe ungechagua nini?

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mzazi ni huu: mgawie. Humpi urithi wote, wala humtengi na nyumba. Mpe kipande chenye mipaka inayoonekana: migomba ya kuanzia mfereji hadi mwembe ule, miembe kumi, robo eka ya tope jeusi. Mpe pazuri, maana nimeona wazazi wanaogawa pori la mathenge halafu wanasema mtoto ameshindwa. Waborana wa kaskazini, ambao lugha yao na ya Waorma, wafugaji wa kwetu, ni ndugu, humtengea mtoto mnyama wake tangu akiwa mchanga. Anakua akijua kwamba katika kundi lile kuna uzao ulio wake. Sisi wakulima tunangoja mpaka mzee afe, kisha ndugu wagombane.

Na usimgawie kwa maneno matupu. Andikeni karatasi moja, kwa Kiswahili cha kawaida, mbele ya mashahidi wawili ambao kila mtu anawaheshimu. Panapo Gasa, baraza la wazee wa Kipokomo, mzee wake mmoja awepo. Karatasi itaje kipande ni kipi, ni chake kwa miaka mingapi, mbegu ananunua nani, mavuno ni ya nani na sehemu gani inakwenda jikoni kwa mama. Itaje pia mafuriko yakisomba kila kitu itakuwaje, kwa sababu yatasomba, siku moja yatasomba, na hapo ndipo baba huanza kusema "si nilikwambia" na kukichukua kipande chake. Muandike kwamba msimu uliosombwa na maji hauhesabiwi.

Na binti? Nimesema kijana, na najua wengi wamesoma mvulana. Anayelima mtoni kila asubuhi mara nyingi ni mama na binti zake, na hao ndio wa mwisho kufikiriwa panapogawiwa. Hoja ya kwamba ataolewa aende zake naijua. Kaka yake naye amekwenda zake, yuko Mtwapa analinda lango la mtu. Aliyebaki na jembe ndiye agawiwe.

Ukishagawa, nyamaza. Hili ni gumu kwa wazee wetu kuliko kugawa kwenyewe. Akitaka kupanda tikiti mahali ulipozoea mahindi, mwache. Akihasirika, kahasirika na chake, na msimu ujao atakuja kukuuliza mwenyewe.

Nikuzungumzie wewe kijana sasa. Ukishapata kipande, fedha zipo karibu zaidi kwenye maembe, na ndiko tunakoibiwa zaidi. Dalali huja mapema, mwembe ukiwa bado na maua au vitoto, akanunua mti mzima kwa bei ya shida. Mwezi huo hujalipa karo ya mdogo wako, unakubali. Maembe yakiiva, lori linapakia ngowe na boribo zako na wewe unasimama kando kama mpita njia. Ukiweza jambo moja tu mwaka huu, iwe ni kutouza maua. Chukua mkopo mdogo wa chama, uza mbuzi, kopa kwa mjomba. Deni hilo lina mwisho wake unaoujua. Kisha ungana na wenye miembe wenzako watano au sita wa kijiji kimoja, mumpigie simu mnunuzi wa Malindi na wa Mombasa siku moja, na muuze kwa hesabu ya tunda au ya kreti. Mnunuzi anayejua kwamba lori lake litajaa mahali pamoja hutoa bei nyingine.

Adui mwingine wa embe ni nzi wa matunda. Yule wa kigeni aliyetoka Asia aligunduliwa nchini 2003, hapa hapa Pwani, na tangu hapo embe huoza kwa ndani ikiwa nzuri kwa nje. Jike hutoboa ganda na kutaga. Funza hula nyama ya embe, tunda linaanguka, funza wanaingia mchangani, wanatoka wakiwa nzi wapya. Ukiujua mzunguko huo, kazi ni nusu. Kila embe iliyoanguka iokotwe kila siku, izikwe shimo la kina cha nusu mita au zaidi, ifukiwe vizuri. Mitego yenye chambo cha kuwavutia madume ipo katika maduka ya pembejeo. Lakini mtego wako peke yako hautakufaa ikiwa jirani ameacha maembe yake yakioza chini. Kijiji kizima kifanye. Hapo ndipo kundi la vijana linaweza kutoza ada ndogo kwa kila mwembe na kuifanya kazi hiyo kwa wazee wasioweza kuinama. Nimeona vijana wakingoja ajira ya kaunti miaka mitatu huku ajira ya aina hii inaozea miguuni mwao.

Kwa mazao ya chini, usipange kama babu. Kalenda yake ilikuwa nzuri kwa mto wake. Wewe panda vinavyokomaa upesi, kunde na pojo, hii inayoitwa ndengu huko bara, ambayo huiva kati ya siku 60 na 90, ili baina ya maji na maji uwe umekwisha kuvuna. Sikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, na sikiliza zaidi habari za mabwawa. KenGen, kampuni inayoendesha mabwawa hayo, ikitangaza kwamba Masinga imejaa na maji yanapita juu, fahamu kwamba hayo yatafika Garsen, ila yatachukua siku kadhaa. Siku hizo ni za kuhamisha pampu, kuvuna kinachovunika na kupeleka mbuzi mahali pa juu. Simu tunayoilaumu inatosha kwa kazi hii: kundi moja la ujumbe la vijana wa Garissa, Hola, Mnazini na Wema, kila mmoja akisema maji yamefika wapi kwake.

Kuhusu pampu nina neno fupi. Ya petroli ni rahisi kununua na ghali kuilisha. Wengi huanza kwa shangwe na kuacha kiangazi kikiwa katikati. Ya jua bei yake inatisha mwanzoni, lakini chama cha watu wanane wenye vipande vinavyopakana kinaweza. Kuchota maji ya mto kwa umwagiliaji kunataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kifuatilieni mapema kabla hamjakuwa wakubwa wa kuonewa wivu. Na miti ya ukingoni msiiguse. Ndiyo inayouzuia mto usije kulala ndani ya shamba lako.

Tembea shambani na bibi yako angalau mara moja kabla hajachoka kutembea. Anajua ni wapi maji hukaa wiki mbili na wapi hukaa siku tatu, udongo upi una chumvi, kambare wanaingilia mkondo gani mto ukifura. Ratiba imebadilika, mabonde hayajahama. Washa simu, rekodi, muulize. Hakuna afisa wa kilimo mwenye ramani hiyo.

Haya yote hayafai kitu kama hatuwezi kupita njia moja na wenye ng'ombe. Agosti 2012 kijijini Riketa waliuawa watu zaidi ya 50, na mauaji yakaendelea vijiji hivi na hivi, vya wakulima na vya wafugaji, hadi mapema 2013. Yalikuwa na siasa ndani yake, lakini kuni zake zilikuwa zile zile za siku zote: shamba limesogea mpaka kwenye malka, njia ya ng'ombe ya kushuka mtoni, ng'ombe wenye kiu wamekuta uzio mahali ambapo baba zao walikunywa, au wameingia kwenye mahindi usiku. Kijana mkulima, ukipewa kipande, chunguza kwanza kama kiko ndani ya malka. Kama kimo, kikatae, hata kama tope lake ni zuri na baba amekasirika. Malka ni njia ya maji ya jirani, na kuifunga ni kutangaza vita kwa niaba ya watoto ambao bado hujawazaa.

Nawe mwana wa Kiorma au Kiwardei, usiyaone mazungumzo haya kama ya wenye majembe tu. Ng'ombe wa Kiorma, aina ya Borana ya kwenu, walichunguzwa na wataalamu katika ranchi ya Galana miaka ya 1980 na ikaonekana wanastahimili ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, kuliko Borana wengine. Damu hiyo ni mali. Kabla ya kumwingiza dume wa kigeni kwa sababu ya ukubwa wa umbo, waulize wazee wenu mbung'o walimfanya nini dume wa namna hiyo. Nyasi za delta zikiota baada ya maji kupungua, kateni, kausheni, fungeni mitumba. Kiangazi kile cha misimu mitano watu walisafiri mbali na fedha mkononi wakitafuta nyasi. Mkulima aliyevuna mahindi ana mabua, wewe una samadi; hapo pana mkataba mwingine wa karatasi moja, wenye tarehe ya ng'ombe kuingia na tarehe ya kutoka, utiwe saini na vijana wa pande mbili kabla ya msimu, si baada ya ugomvi.

Mti wa mathenge nitaupitia haraka, kwa kuwa kila mtu anaulalamikia. Uliletwa Bura na Hola mapema miaka ya 1980 kuzuia jangwa, sasa ni jangwa lenye miiba. Hautakwisha, kwa hiyo uliwe: mkaa wake ni mzuri (pitia ofisi ya misitu kwanza), na maganda yake ni chakula cha mifugo mradi yasagwe, mbegu zivunjike. Mbuzi akiyala mazima anakupandia mathenge mpya kila anapopita.

Kwa mliokwisha kuondoka, sina ugomvi nanyi. Wengine mko mahali panapowafaa, na kila mtu akirudi ardhi haitatosha. Lakini yapo mambo yenu. Sehemu kubwa ya ardhi ya Tana River ni ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka jamii isajiliwe, iwe na daftari la wanajamii, mkutano wa watu wazima wote na kamati ya usimamizi ya watu 7 hadi 15. Kukubaliana na mwekezaji kunahitaji idhini ya theluthi mbili ya wanajamii watu wazima. Jina lako limo? Dada yako amo? Usije ukasikia ukiwa Dubai kwamba ardhi ya kijiji imekwenda, kisha ukaanza kuandika kwa hasira kwenye simu. Uliza sasa kwa chifu au ofisi ya ardhi ya kaunti daftari limefikia wapi, na mkutano ukiitishwa, panda basi la kurudi.

Halafu acha kulima kwa simu. Unamtumia ndugu yako fedha za shamba, anakutumia picha ya mahindi ya jirani, mnaishia kutozungumza. Kama una akiba, ingia naye ubia ulioandikwa: wewe pampu, yeye kazi, mavuno nusu kwa nusu, na awe na haki ya kukuambia hapana. Uje nyumbani wakati wa kupanda, mara moja tu kwa mwaka, badala ya kuja Idd au Krismasi kula kuku na kuondoka.

Watoto wenu wa mjini waleteni Agosti. Msiwape orodha ya kazi. Waacheni waone kwamba msituni mwa mto yupo mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana, aina mbili za kima ambao duniani kote hawaishi porini mahali pengine, ndiyo maana hifadhi yao ilitangazwa 1976. Na kwamba delta yetu imo katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar tangu 2012. Waambieni pia kwamba wimbo wa taifa wanaousimamia wima kila wiki shuleni una sauti ya mama wa Kipokomo akimbembeleza mwanawe. Mtoto anayejua kwamba kwao kuna kitu ambacho Nairobi haina, hamtahitaji kumshika mkono aje mara ya pili.

Yapo maswali ambayo vijana huniuliza, na moja linarudi kila mara: baba akikataa kugawa kabisa, nifanyeje? Usigombane naye, wala usimwambie umesoma haya mahali. Mtumie mjomba, au mzee mwenzake wanayecheza bao pamoja. Neno la rika husikika. Akiendelea kukataa, kodi kipande cha jirani kwa msimu mmoja, robo eka inatosha, uandikiane naye vile vile. Panda pojo maji yakipungua. Palilia mapema, vuna maganda yanapokauka kabla hayajapasuka, anika, pepeta, jaza gunia. Gunia la kwanza usilipeleke moja kwa moja kwa dalali. Lipitishe nyumbani, uliweke barazani baba anapoketi, na umwombe tena kile kipande cha nyuma ya miembe.